Kavetsa Ajisema Mbele ya Ploti

Katika ploti yetu ya Kawangware 46, mpangaji mpya hapewi ufunguo kabla hajajisema. Kujisema ni kusimama uani, karibu na mfereji, wapangaji wote wakiwa wamekaa, ukaeleza tabia zako: unakoroma au hukoromi, unapenda nini, nini kinakukera, na watu uliowahi kuishi nao walilalamikia jambo gani. Ukimaliza, na sisi tunajisema kwako, ili usije ukadai baadaye kwamba hukujua umehamia kwa watu wa namna gani.

Utaratibu huu haukuletwa na mwenye nyumba. Yeye anaishi mbali na anachotaka ni kodi. Uliletwa na tarumbeta. Kuna bwana aliyehamia chumba cha katikati, mpole kabisa, akiwa na begi moja refu ambalo hakuna aliyeuliza lina nini. Baada ya siku chache tukajua. Alikuwa anajifunza. Alijua kipande kimoja tu cha mazoezi, kinachopanda vizuri hadi mahali fulani halafu kinateleza kama mtu aliyekosea ngazi, na kila alipoteleza alirudi mwanzo. Kuta zetu ni za mabati na mbao. Watoto walianza kulia kwa kufuata sauti ile. Jirani yake wa ukutani, Muia, ambaye ni mlinzi wa usiku huko Lavington na hulala mchana, alikonda hadi kofia ya kazi ikawa inamshuka masikioni.

Yule bwana alipohama, Makau, msimamizi wa ploti, alitukusanya. Makau ni fundi wa vitanda kutoka Machakos, mtu wa maneno machache na sheria nyingi.

"Kuanzia leo," alisema, "mtu ataingia hapa tukimjua. Akificha tabia na ijulikane, anapoteza chumba. Na kitu chochote chenye muziki, hapana."

Muia alipiga makofi peke yake.

Tangu hapo chumba cha katikati kilikaa wazi. Mwombaji mmoja alikataliwa kwa sababu ya mbwa, mwingine kwa sababu alicheka tulipomwambia ajiseme. Ndipo Kavetsa akakitaka.

Kavetsa ni mama yake Lavender, msusi, ambaye chumba chake kinapakana na kile cha katikati upande wa kushoto. Muia yuko upande wa kulia. Kwa miaka mingi Kavetsa amekaa Mashimoni, kule Kibera, akiuza mboga mbele ya nyumba yake. Ukienda kwake hununui majani ya sukuma; unanunua sukuma iliyokwisha kukatwa, nyembamba kama nyuzi, kwa kuwa wateja wake wanarudi kutoka kazini wamechoka na hawataki kuona kisu. Mkono mmoja unakusanya majani, mwingine unakata, na macho yake hayapo kwenye kazi hata kidogo. Yako kwa wapita njia.

Lavender alipojifungua mtoto, Timothy, Kavetsa alianza kuiacha meza yake asubuhi ili aje kulea mjukuu wakati Lavender yuko saluni. Alitoka Mashimoni kwa miguu, akapita Olympic, akatokea Ngong Road, akaja mpaka huku, na jioni akarudi njia ileile. Magoti yakaanza kulalamika. Mvua ikinyesha hakufika kabisa, na tajiri wa Lavender pale saluni hakuwa mtu wa kusikiliza habari za mvua. Mwishowe ikaamuliwa kwamba wasipopata namna nyingine, Timothy atapelekwa Vihiga akalelewe na shangazi. Kila neno hilo lilipotajwa Kavetsa alitoka chumbani na kwenda kusimama nje. Alikuwa amemlea mtoto mpaka meno mawili ya kwanza. Hakutaka yale mengine yaotee mahali ambapo hayaoni.

Akipata chumba cha katikati, mambo yote yangekaa sawa. Angeweka meza ya mboga langoni na mtoto mgongoni.

Kulikuwa na tatizo moja tu, na Lavender peke yake ndiye aliyelijua. Kavetsa mwenyewe hakulijua.

Kwa zaidi ya nusu ya maisha yake Kavetsa amekuwa mwanakwaya wa kanisa lao Kibera, upande wa alto. Pale sokoni Mashimoni, meza iliyopakana na yake ilikuwa ya Mildred, muuza dagaa wa omena, soprano wa kwaya ileile. Mildred aliimba akipima omena, na Kavetsa aliitikia akikata sukuma, wala hawakuhesabu kwamba ni kuimba, ilikuwa kazi. Wateja walisikia wimbo mzima na hawakuwa na neno. Kisha Mildred akachoka na mji, akarudi nyumbani Vihiga. Meza yake ikabaki tupu, lakini kichwani mwa Kavetsa Mildred hakuondoka. Kavetsa akishika kisu na sukuma, anamsikia Mildred akianza, naye anaitikia, na anaamini kabisa kwamba mdomo wake umefungwa.

Alto bila soprano ni kitu cha ajabu kukisikia. Inakaa kwenye sauti moja kwa muda mrefu, kama mtu anayengoja afunguliwe mlango. Inashuka kidogo. Inarudi palepale. Mahali ambapo wengine wanaimba peke yao, inanyamaza, halafu unapodhani imekwisha, inaingia tena.

Huku kwa Lavender hakuwa akikata sukuma, alikuwa akishika mtoto, ndiyo maana ploti haikujua. Usiku wa kuamkia Jumamosi ya kujisema, Lavender alimpa mama yake onyo moja tu. Alinieleza mwenyewe baadaye.

"Mama, kesho sema ukweli wote. Lakini chochote watakachofanya, usishike kisu."

"Kwani wananidhania mimi ni mwizi?"

"Usishike tu, mama."

"Basi sitashika. Hawa watu wako wa Kawangware wana mambo."

Jumamosi alasiri tulikaa uani kama kawaida, kila mtu na kiti chake. Muia alikuwa ameamka saa hiyohiyo na alikuwa bado amevaa alama za mto shavuni. Kulikuwa na waombaji wawili. Wa kwanza alikuwa Eugene, kijana nadhifu wa ofisi moja huko Kilimani, mwenye viatu vilivyochongoka mbele.

"Niaje wakubwa," alianza. "Mimi ni Eugene. Ni mtu wa kujituma. Naweza kufanya kazi peke yangu ama na kikundi."

"Hatuandiki mtu kazi hapa," Makau alimwambia. "Tabia."

"Sawa. Udhaifu wangu mkubwa ni kwamba napenda kila kitu kiwe sawa kupita kiasi."

Syombua, ambaye anafua nguo za watu na hapendi maneno yaliyopigwa pasi, aliinua kichwa. "Unakoroma?"

"Sijawahi kupata malalamiko."

"Unapenda nini?"

"Changamoto."

"Tuko na choo moja watu wote hawa," alisema mpangaji mwenzetu Omolo. "Hiyo ni changamoto ya kutosha ama tukuongezee?"

Watu walicheka, na Eugene alicheka nao kidogo, kwa adabu.

"Ukiwa umepumzika," Makau aliuliza, "unafanya nini?"

"Nakaa."

"Unakaa ukifanya nini?"

"Nakaa tu, mzee."

Hapo Muia alionekana kuamka kwa mara ya kwanza. "Unakaa kimya?"

"Kabisa."

"Huna redio?"

"Niko na simu. Natumia visikizio."

Muia alifumba macho kama mtu aliyeonjeshwa asali. Nilitazama upande wa Lavender nikaona anang'ata ukucha.

Zamu ya Kavetsa ilipofika, alimkabidhi Lavender mtoto, akakaza leso kiunoni, akasimama karibu na mfereji.

"Mimi naitwa Kavetsa, Mama Lavender. Nitaanza na mbaya. Mimi kikombe ukinipa lazima nikinuse kabla sijakunywa. Si kwamba wewe ni mchafu. Nimewahi kunusa hata kikombe cha mchungaji, na akaniona. Ya pili, kwa simu nasema kwaheri mara nyingi. Nikikata, nakumbuka kitu, napiga tena, halafu tunaagana upya. Ya tatu, kamba situpi. Hata kamba fupi. Ukiwa na shida ya kamba usiende dukani, njoo kwangu."

"Ongeza," alisema Makau, ambaye alikuwa ameanza kumsikiliza vizuri.

"Naijibu redio. Ikisema leo ni jua, natoka nje natazama, narudi naiambia. Na kitu kingine, sukuma iliyokatwa nene inaniumiza roho. Sijui kwa nini. Nikiiona naona kama mtu amevaa kiatu upande."

"Muziki je?" aliuliza Muia.

"Niko kwaya, alto. Hiyo ni kanisani, Jumapili."

"Nyumbani?"

"Nyumbani hapana. Mimi nyumbani ni mtu wa kimya. Uliza Lavender."

Kila mtu alimgeukia Lavender. Lavender alikuwa akitazama juu ya paa kana kwamba kuna mtu huko.

"Mama hapendi kelele," alisema, na kwa kweli hakusema uongo.

Kisha ikawa zamu yetu. Makau alisimama kwanza, kama kawaida. "Mimi nikikutazama sana usikasirike. Napima urefu wako. Ni vitanda." Syombua alisema kwamba akikuta nguo zako umezianika vibaya atazianua na kuzianika upya, na usimwulize sababu. Omolo, ambaye ni kuli wa mbao na anapenda mpira kuliko chakula, alieleza kwamba yeye hutangaza. Si mechi peke yake. Ukibeba mtungi wa maji atatangaza ulivyomkwepa mtoto, ulivyoingia kona ya bafu, na maji yaliyomwagika. Mimi nilisema yangu, kwamba viatu vikitazamana vibaya mlangoni kwa mtu siwezi kupita bila kuvipanga. Muia alisimama nusu. "Mimi nalala," alisema, akakaa.

Makau akasema sasa tule, kisha tutaamua nani apewe chumba. Siku ya kujisema ploti hula ugali pamoja, na zamu ya kupika ilikuwa ya Syombua. Alileta karai, kisu na fungu la sukuma, akakaa katikati yetu, akaanza kukata.

Sitamsema vibaya Syombua, lakini anakata sukuma kama mtu anayepasua kuni. Jani moja lilitoka vipande unavyoweza kuvihesabu kutoka langoni. Nilimwona Kavetsa akitazama pembeni. Akatazama tena. Akakalia mikono yake. Jani la pili likaanguka karaini, pana, na mshipa wake mzima katikati. Kavetsa akafumba jicho moja.

"Dada," alisema hatimaye, "samahani. Nikusaidie kidogo?"

"Wewe ni mgeni, kaa."

"Si kwa ubaya. Kidogo tu."

"Mama!" Lavender aliita.

Kisu kilikuwa kimeshabadilisha mikono. Syombua, ambaye hapendi kupika, hakukipigania. Kavetsa alikusanya majani, akayakunja mkono mmoja, na kisu kikaanza kwenda haraka, tak-tak-tak-tak, na sukuma ikaanza kushuka kama nyasi laini. Ilikuwa raha kutazama. Hata Eugene alisogeza kiti. Macho ya Kavetsa yalihama kutoka kwenye karai, yakaenda langoni kutazama wanaopita barabarani, na sura yake ikapoa.

Kisha ikaanza. Mmmm, sauti moja, imenyooka, haiendi mbele wala nyuma. Ikashuka kidogo. Ikarudi. Ikanyamaza, kisu kikiendelea na kichwa kikitikisika taratibu, halafu ikaingia tena mahali pake, sasa na maneno mawili matatu ya katikati ya sentensi, ambayo mwanzo wake alikuwa nao Mildred huko Vihiga.

Omolo alimtazama Syombua. Syombua alimtazama Makau. Muia alikuwa amekaa wima kama aliyeitwa kazini.

"Mama Lavender," alisema Makau.

"Naam?"

"Hiyo ni nini?"

Kavetsa alitazama mikono yake. "Hii? Ni sukuma."

"Hiyo unayoimba."

"Nani anaimba?" Aligeuka kutazama nyuma yake. Nyuma yake kulikuwa na mfereji tu.

"Ni wewe, mama!" Omolo alisema. "Wewe mwenyewe, na umeshika mpira vizuri kabisa!"

Kavetsa alicheka, akiona ni mzaha wa watu wa ploti. Akatazama uso mmoja baada ya mwingine na kicheko kikapungua. Akaweka kisu chini.

"Lavender. Mimi naimba?"

"Mama, twende ndani kwanza."

"Sema mbele ya watu."

"Unaimba, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

Hakuna aliyecheka sasa. Makau alijikuna kidevu. Nadhani alimhurumia, lakini sheria ilikuwa yake mwenyewe na hakuwa na mahali pa kuiweka. "Basi amekosa kwa njia mbili," alisema. "Ni muziki, na ameuficha."

"Atafichaje kitu hajui?" Syombua alimrukia.

"Sheria haikusema kujua."

"Ahaa. Basi wewe pia uhame. Mbona hujawahi kusema unasaga meno?"

"Nani anasaga meno?"

"Makau, kitanda chako na ukuta wangu ni majirani. Usiku nasikia randa."

"Mimi? Sijawahi!"

"Hata leo alfajiri umesaga."

Omolo alicheka mpaka akashika magoti, jambo ambalo lilimponza, kwa sababu Makau alimgeukia na kumwuliza kama anajua kwamba hutangaza mpira hata akiwa usingizini, na kwamba juzi alitoa kadi nyekundu. Omolo akasema ni uongo mtupu. Syombua aliambiwa kwamba huzungumza na shati analolianika, tena kwa jina la mwenye shati. Mimi nilisimama ili niwatulize, na kabla sijafungua mdomo watu kadhaa walisema kwa pamoja, "Kohoa kwanza." Nilitaka kukanusha kwamba hukohoa kabla ya kuzungumza. Nilijikuta nimekohoa.

Kelele zilikuwa kubwa hata mtoto akaanza kulia. Makau alipiga ubao wa ukuta kwa kiatu.

"Basi, basi! La kuficha tumeliacha. Tukilifuata nitabaki na ploti tupu, na mimi mwenyewe nikiwa nje. Lakini muziki ni muziki. Tarumbeta hamjasahau."

Kavetsa alikuwa amemchukua Timothy kutoka kwa Lavender na alikuwa akimtikisa polepole, mdomo wake ukiwa umebanwa sana, kama mtu anayeulinda.

"Mpeni huyu kijana," alisema. "Mimi nimejijua vya kutosha leo."

"Mama, Timo ataenda Vihiga," Lavender alisema kwa sauti ndogo.

"Najua."

"Ukiacha sasa ataenda, na utamwona Krismasi."

Kavetsa alimnusa mtoto kichwani.

Hapo ndipo Muia alipozungumza. Katika mikutano yetu Muia huuliza maswali tu, hatoi maoni, kwa hiyo watu walimgeukia.

"Ukuta ni wangu," alisema. "Nyinyi mchana mko kazini. Atakayesikia ni mimi. Na mimi nataka kuisikia tena."

"Uisikie ya nini?" Makau aliuliza.

"Ile tarumbeta ilikuwa inapanda. Unaingoja ifike, haifiki, inaanguka. Ndiyo ilikuwa inaniua, ile kungoja. Hii ya mama naona haipandi. Haiendi popote. Lakini nimeisikia kidogo tu. Mama, imba."

Kavetsa akajaribu. Ilikuwa aibu tupu. Alisimama wima, akasafisha koo, akashika leso kwa mikono miwili, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba na kavu, na ikakatika upesi. "Siwezi hivi," alisema. "Sijui inaanzia wapi. Mildred ndiye huanza."

"Ni kisu," Lavender alisema. "Lazima awe anakata. Na asijue mnamsikiliza."

Sukuma ilikuwa imekwisha. Mtu alihitajika kwenda kununua nyingine kwenye kibanda cha barabarani, na kwa kuwa Eugene alikuwa amesema anapenda changamoto, akatumwa Eugene. Nampa heshima yake: alikwenda. Alirudi amekumbatia mafungu makubwa mawili, maji ya mboga yamelowesha shati lake la ofisi.

Kavetsa alikaa mbele ya karai. Akaanza kukata, na sisi tukaanza kutosikiliza. Sijawahi kuona watu wazima wakifanya kazi ngumu kama ile. Syombua aliianua blanketi iliyokwisha kuanikwa vizuri na kuianika tena. Makau alimpima Eugene kwa macho, juu mpaka chini, mara kadhaa. Omolo alitazama ardhi akitangaza kwa kunong'ona mwendo wa sisimizi mmoja aliyekuwa akielekea golini. Kavetsa alijua tunamsikiliza, kwa hiyo alikata kimya, mdomo umebanwa. Tak-tak-tak. Fungu la kwanza likaisha. Hakuna kitu. Lavender alikuwa amefunga macho.

Katikati ya fungu la pili, mwanamke fulani alipita barabarani amebeba beseni kichwani. Kavetsa alimfuata kwa macho, labda akijiuliza anauza nini. Mabega yake yakashuka.

Mmmm.

Hakuna aliyegeuka. Ilikaa pale ilipo, ikashuka kidogo, ikarudi, ikanyamaza, ikaingia. Ikawa inaendelea, na kisu kikienda nayo. Taabu ni kwamba sisi wengine ilitushika. Huwezi kusikia nusu ya wimbo bila kuitafuta nusu nyingine. Syombua alinisogelea akaninong'oneza kwamba ni ule wa kufunga ibada. Omolo aliacha sisimizi wake na kusema hapana, ni wa mazishi, kwao huimbwa wakati wa kuteremsha jeneza. Makau alisema wote wawili hawajui, ule ni wa harusi, na akaanza kuutoa chini ya pumzi, ukamkatalia mahali alto iliponyamaza. Eugene alisema kwa upole kwamba yeye anausikia kama tangazo la sabuni. Walibishana kwa minong'ono hadi mishipa ya shingo ikawatoka.

"Muia," Makau alisema hatimaye, "wewe unasemaje? Ni wa nini?"

Kidevu cha Muia kilikuwa kifuani, mikono imelegea mapajani, na kofia ilikuwa imemshuka mpaka puani. Alikuwa amelala.

"Amechoka tu," Omolo alisema. "Amekesha kazini."

"Ameamka saa hii," Syombua alimjibu. "Amelala mchana mzima, na amelala tena."

"Labda imemchosha."

"Jirani anayekuchosha hadi ulale, unataka nini zaidi?"

Makau alizunguka kiti cha Muia, akamtazama kutoka pande zote kama kitanda kilichokwisha. "Usingizi ni usingizi," alisema. "Chumba ni cha Mama Lavender."

Lavender alipiga kelele ya furaha. Kavetsa alishtuka, akaacha kukata, na mara tu alipoacha, Muia akafungua macho na kuuliza, kwa hasira kidogo, nani amezima.

Eugene alikuwa bado amesimama, majani ya sukuma yamemganda kwenye mkono wa shati. "Na mimi, wakubwa? Nimekosea wapi?"

"Hujakosea mahali," Makau alimwambia. "Lakini wewe umetujibu maswali yetu yote na bado hatukujui. Kaa ule ugali. Kikipatikana chumba kingine, rudi na angalau tabia moja."

Eugene alifikiri. "Mimi hula ugali na kijiko," alisema.

Sote tuliitazama mikono yake.

"Hiyo usirudie hapa," alisema Omolo, akamsogezea kiti.

Baada ya chakula Makau alimpa Kavetsa ufunguo, naye akaingia chumba cha katikati na Lavender kukitazama. Hakikuwa na kitu isipokuwa msumari mmoja ukutani. Mlango walifunga, lakini nimeshasema kuta zetu ni za nini.

"Miaka yote hii," alisikika Kavetsa, "hukuniambia."

"Ningekuambia, ungeacha."

"Ningeacha kabisa! Mashimoni wananisikia watu wangapi?"

"Wote, mama. Wanajua ukiimba sukuma imefika."

Timothy alikuwa akipiga ukuta kwa kiganja, akifurahia mlio wa bati.

"Lavender."

"Mm?"

"Kuna tabia zingine?"

Lavender akamwuliza mama yake kama anataka kuanza na za nyumbani au za kanisani.